Zilizo Hai Hung'aa Kijani

Mvua ya kwanza ya kupandia ilipoinyeshea Mkonze, Mama Mazengo alijifunga kanga kiunoni, akatoka na kibuyu cha mbegu za uwele na kuwapanga watu shambani kama mnyapara. Shamba lenyewe lilikuwa kipande tu nyuma ya nyumba ya mwanawe, kati ya choo na ukuta wa jirani, lakini mama huyu alikulia Chamwino, na kwake ardhi iliyokaa bure mvua ikinyesha ilikuwa dhambi. Majirani wawili walikuja kusaidia. Priska, mkwe wake, alitoka nao, akanyoosha kiganja apewe mbegu kama wenzake.

Mama mkwe akamimina kwenye kiganja cha jirani wa kwanza. Akamimina kwenye cha wa pili. Alipofika kwa Priska akasita, kibuyu kikiwa kimeinama nusu.

"Wewe shika jembe," alisema. "Chimba mashimo. Mbegu waachie wenye watoto."

"Mama, mbegu si mbegu tu?"

"Mkono wako utaziua. Wala sisemi kwa ubaya. Ndivyo ilivyo."

Hakusema kwa ubaya! Watu wa namna hii ndio wanaochosha kuliko wote, wanaokukanyaga na kukuomba usichukulie vibaya. Jirani mmoja aliinamisha macho. Mwingine alicheka, akajifanya anakohoa. Priska alishika jembe. Alichimba mstari mzima bila kuinua uso, na kila shimo alilochimba aliona kama anamchimbia mtu.

Mtaani hakuna aliyejua amwite nani. Wanawake wa rika lake waliitwa Mama Neema, Mama Sila, Mama huyu na yule. Yeye aliitwa "dada", au "mke wa Mazengo", au watu walianza tu kuongea bila kumwita. Kazini kwake, kwenye kituo cha uhimilishaji, kunakohifadhiwa mbegu za madume za kupandikizia ng'ombe mimba, alikuwa "mtaalamu" na watu walimsubiri mlangoni. Akishuka kwenye bajaji jioni na kufika nyumbani, utaalamu wote uliishia getini.

Baada ya kupanda walikaa barazani kunywa chai. Mama Mazengo alipuliza kikombe chake, akasema kwa sauti ya kutosha majirani wasikie, "Krismasi ikipita tuna kikao Chamwino. Wazee wameshaambiwa. Mazengo anaoa."

Priska alimtazama mumewe. Mazengo alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Anaoa nani?" Priska aliuliza.

"Binti wa Mzee Zablon. Watoto wa kike wa nyumba ile wanazaa mpaka wanachoka," mama alijibu. "Na kikao hicho hicho kitaongea habari ya ng'ombe wetu wa mahari. Mwanamke asiyezaa, ng'ombe wake hurudi. Hatukuanza sisi. Mdogo wako ajiandae."

Priska aliweka kikombe chini. Kutukanwa alishazoea. Lakini ng'ombe wale hawakuwa zizini kwa mtu wakisubiri kurudishwa. Baba yake Priska alishakufa. Mdogo wake wa kiume, Elisha, ndiye aliyewapokea, na ndio aliowapeleka kwa kina Emiliana akamwoa. Ukienda kumdai mkwe ng'ombe wako, atakwambia kwanza mrudishie binti yake. Na Emiliana alikuwa na mtoto mgongoni.

*

Elisha alifika baada ya siku chache kwa baiskeli, na mfuko wa karanga umefungwa nyuma. Alimwamkia Mama Mazengo kwa adabu zote, "Shikamoo mama," na mama akaitikia "Marahaba" huku akiendelea kuchambua mchele, hakumkaribisha kiti. Kijana wa watu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Dada yake alimtoa nje, wakasimama kando ya ukuta.

"Umesikia?" Priska aliuliza.

"Nimesikia. Baba mkwe naye amesikia. Jana alipita nyumbani, akamchukua mtoto, akampakata kwa muda mrefu. Emiliana amelia mpaka macho yamevimba." Elisha alichokonoa chokaa ya ukuta kwa kidole. "Dada, mimi sikulaumu. Mungu ndiye anayetoa watoto."

"Nani amekuambia mimi ndiye sizai?"

Elisha alimtazama kwa mshangao. Swali hilo halikuwa limewahi kumpitia akilini, na hilo lilimchoma Priska kuliko maneno ya mama mkwe. Hata ndugu yake wa tumbo moja.

"Watu wote wanasema," Elisha alijibu polepole.

"Nenda nyumbani. Mwambie Emiliana asifungashe kitu."

"Utafanyaje?"

"Mwambie hivyo tu."

Wakati huo hakujua atafanyaje. Alijua tu kwamba amefika mwisho wa kunyamaza, na kwamba kunyamaza kwenyewe kulikuwa zawadi yake kwa mtu asiyestahili.

*

Kesho yake asubuhi alimkuta Mazengo sebuleni akipiga pasi shati la kwendea ofisini. Mama alikuwa kanisani kwenye maombi ya alfajiri. Priska alichomoa waya wa pasi.

"Mwambie mama yako."

"Nimwambie nini?"

"Mazengo, usinifanye mtoto. Mwambie tulichokiona mwaka jana."

Walichokiona mwaka jana walikiona wawili tu. Mazengo alikuwa amekataa katakata kwenda hospitali, akisema Dodoma ni ndogo na manesi wana midomo. Priska akamwambia, basi nitakupima mimi, kazi yangu ni hiyo hiyo. Jumapili moja mchana, kituo kikiwa kitupu, alipima mbegu zake kwa rangi zile zile anazopimia za madume. Rangi ni mbili. Ya kwanza hupenya kila mbegu ya kiume na kushika kiini chake, kile kilichomo kichwani ambamo urithi wote wa baba umekunjwa. Ukiimulika kwa taa ya bluu inang'aa kijani. Ya pili haiwezi kupenya ngozi ya mbegu iliyo nzima. Hupita pale tu ngozi ilipotoboka, yaani mbegu imeshakufa, na ikiingia huifukuza ile ya kwanza, kiini kikawaka rangi nyekundu. Haina ubishi. Zilizo hai hung'aa kijani, zilizokufa nyekundu.

Siku ile skrini ya hadubini ilijaa wekundu kama makaa. Priska alitafuta kona hadi kona, akapata za kijani chache, huku moja na kule moja. Alimwonesha. "Hizi ni nzima," alimwambia, akimshika bega. "Chache, lakini zipo. Madaktari wanaweza." Mazengo alilia kama mtoto. Alipiga magoti kwenye sakafu ya maabara, akamwomba mama yake asijue kamwe. Priska alimwahidi. Na kwa sababu alimpenda, kiasi cha mbegu kilichobaki alikitia kwenye mrija, akaugandisha ndani ya mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali pamoja na mirija ya madume, bila kuuandika namba. Akiba, alimwambia. Iko siku utakubali kwenda kwa daktari.

Toka siku ile yeye ndiye aliyekuwa tasa. Aliubeba uongo huo kama mtu anayebebea mwenzie mzigo kuvuka barabara, akitegemea atapokewa ng'ambo.

"Mama ana presha," Mazengo alisema sasa, akilikunja shati ambalo halijanyooka. "Unataka afe?"

"Na Elisha je? Ng'ombe wa Elisha?"

"Elisha bado kijana. Atapata wengine."

"Na binti wa Mzee Zablon? Unamwoa akae miaka mingapi ndipo naye umwite tasa?"

Mazengo alitazama dirishani. Alipojibu, alijibu kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeyafikiria maneno yake siku nyingi na akayaona ya maana.

"Wewe mwenyewe ulisema zipo za kijani. Chache, lakini zipo. Labda kwa mwanamke mwingine zitafika."

Faraja ambayo Priska alimpa kwa mkono wake, siku ile akiwa amemshika bega, ndiyo mtu huyu aliyoikunja, akaiweka mfukoni, sasa anaitoa kumpigia nayo. Alichomeka tena waya wa pasi ukutani, akaondoka. Huruma ilimtoka asubuhi ile, ikatoka yote, na nafasi yake ikaingia hasira baridi, yenye subira.

*

Nafasi ya kulipiza aliletewa na mama mkwe mwenyewe, mikononi kabisa.

Katika zizi la Chamwino kulikuwa na dume moja, jeusi, lenye nundu inayoyumba, ambalo Mama Mazengo alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Aliliita Mheshimiwa. Mzee Zablon alilitaka dume hilo liwemo kwenye mahari ya binti yake. Lakini Mzee Zablon alikuwa mfugaji wa kuchunguza. Aliwahi kupewa dume la mahari lenye umbo la kupendeza, likakaa zizini misimu miwili bila ndama hata mmoja, na tangu hapo aliapa hapokei dume kwa macho. Lipimwe kwanza, alisema, na apime mtu mwenye mashine.

Mama Mazengo alimfuata Priska jikoni.

"Si ndiyo kazi yako?" alisema. "Basi utatupimia Mheshimiwa. Zablon atakuja aone mwenyewe."

Priska alikuwa akisonga ugali. Aliacha mwiko.

"Mama, unataka mimi nipime dume la kuolea mke mwenzangu?"

"Mke mwenzako wapi? Wewe unarudi kwenu. Na usije ukaniharibia. Nikisikia dume langu limeonekana bovu nitajua ni wivu wako."

Ni mama huyu huyu aliyesema mkono wa Priska unaua mbegu. Leo za Mheshimiwa alikuwa tayari kuzitia mkononi mule mule, kwa kuwa alikuwa na shida. Hakuona kwamba anajipinga mwenyewe, na wala hakuona aibu.

"Sitaharibu, mama," Priska alisema, akageuza ugali. "Nitapima kwa haki. Ila Mazengo naye aje. Ni dume la mahari yake. Aone."

"Atakuja," mama alisema, ameridhika.

*

Waliliteremsha Mheshimiwa kituoni kutoka kwenye lori asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Nurdini, mhudumu wa madume aliyetokea Kolo, alilizunguka akilisifia kwa sauti, mikono nyuma.

"Mama, hili si dume, hili ni mkuu wa wilaya," alisema. Mama Mazengo alicheka mpaka akashika goti. Alivaa kitenge kipya. Mzee Zablon alikuja na kofia yake ya kahawia na fimbo, akawasalimu wote kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Mazengo alisimama nyuma yao akiwa na suruali ya ofisini, akijipangusa shingo kwa leso.

Nurdini alifanya kazi yake uani, akaleta mbegu za Mheshimiwa kwenye kibomba cha kioo kilichofunikwa kwa kitambaa kisipate baridi. Priska akawaingiza maabara watatu hao. Alivaa glovu, akafunga mapazia, chumba kikawa giza mchana kweupe.

"Mbona unazima taa?" mama aliuliza kwa mashaka. "Unaficha nini?"

"Rangi hizi zinapauka kwenye mwanga, mama. Kaa hapo, utaona kila kitu kwenye skrini. Sitagusa kitu bila kukuambia."

Na kweli alimweleza kila hatua, kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alimwonesha tone, akamwonesha rangi ya kwanza na ya pili. Alisema mara moja, akarudia: kijani ni hai, nyekundu ni mfu. Alitaka aelewe. Hakuwahi kumfundisha mtu kwa moyo kama alivyomfundisha mama mkwe wake asubuhi ile.

"Rudia, mama. Kijani?"

"Hai."

"Nyekundu?"

"Imekufa. Mimi si mjinga, Priska. Washa hiyo taa yako."

Akawasha taa ya bluu. Skrini ikajaa vichwa vidogo vya kijani, vingi ajabu, vikitetemeka na kupishana, vyekundu vikiwa vya kuhesabika. Mama Mazengo alisimama. Alipiga kigelegele ndani ya chumba kile kidogo mpaka Nurdini akachungulia mlangoni.

"Umeona, Zablon? Umeona? Kijani yote hiyo!"

"Nimeona," Mzee Zablon alisema. Aliinama mbele, kidevu juu ya fimbo, akatazama kwa muda. "Ni dume zuri. Sikatai." Kisha akamgeukia Priska. "Mama, lile bovu linaonekanaje? Maana mimi nilishaumwa. Nikiona zuri peke yake nitajuaje?"

Priska alikuwa ameandaa namna ya kulileta jambo hilo mwenyewe, na maneno aliyakariri tangu juzi. Hakuyahitaji. Mzee Zablon, aliyemwita "mama" bila kuuliza ana watoto wangapi, alimfungulia njia.

"Ninayo," alisema. "Nimeitengeneza asubuhi."

Mrija usio na namba alikuwa ameutoa mtungini kabla hawajafika, akauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akautia rangi, kioo chake akakifunika ndani ya kisanduku cheusi. Aliondoa kioo cha Mheshimiwa, akaweka kile kingine.

Skrini ikawa nyekundu. Nyekundu tupu, imelala, hakuna kinachotikisika. Mzee Zablon aliguna. Mama Mazengo alisogeza kiti mbele, akatazama, akaangua kicheko.

"Mungu wangu! Hili nalo lina mwenyewe? Hili ni maiti linatembea."

"Limekufa lote?" Mzee Zablon aliuliza.

"Unavyoona, mzee."

"Lichinjwe," mama alisema. Alishanogewa na elimu yake mpya. "Lichinjwe, nyama yake iliwe, angalau liwe limefaa kitu."

Nyuma yao Mazengo alirudi hadi ukutani. Priska hakumtazama. Alikuwa akimtazama mama.

"Na majike, mama?" aliuliza. "Majike wanaokaa na dume hili bila kushika mimba, wana kosa gani?"

"Kosa gani? Majike hawana kosa! Mjinga ni mwenye zizi. Anauza majike wazuri akidhani tasa, dume bovu analilisha pumba. Ningekuwa mimi ningemwambia usoni."

"Ungemwambia usoni?"

"Mbele ya watu! Mtu kama huyo ni wa kuaibishwa ili akome."

Mzee Zablon alicheka kidogo. "La nani dume hili? Lisije likawa la jirani yangu."

"Muulizeni Mazengo," Priska alisema. "Yeye analijua."

Kiti kililia sakafuni. Mama Mazengo aligeuka, kicheko bado kimo mdomoni, akamtazama mwanawe aliyekuwa ameegemea ukuta kando ya mlango. Mwanga mwekundu wa skrini ulikuwa umemwangukia kifuani kwenye shati jeupe.

"La nani?" mama aliuliza.

"Mama, twende nje."

"Nimekuuliza la nani. Kwa nini unatoka jasho?"

"Mama…"

"Mazengo!"

Mtu anaweza kukimbia swali mwaka mzima, na Mazengo alikimbia zaidi ya hapo. Lakini mlango ulikuwa umezibwa na Nurdini, ambaye hakuwa na habari na alikuja tu kuuliza kama dume lipewe maji.

"Ni zangu," Mazengo alisema. "Hilo si dume. Ni mimi."

*

Mzee Zablon ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alichukua kofia yake mezani, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Mama Mazengo," alisema kwa heshima, "mimi nilikuja kuona dume moja, nimeoneshwa mawili. Lile la kwanza nimelipenda. Siku ukitaka kuliuza nitafute. Hayo mengine tusiyaongee tena."

Alimpa Priska mkono akiinama kidogo, akatoka. Nje walimsikia akimwuliza Nurdini njia ya kwenda barabarani.

Mama Mazengo alibaki kwenye kiti. Kitenge kipya kilimlegea begani na hakukirudishia. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Mtu mwingine angemwonea huruma, na huenda msomaji unamwonea sasa. Priska hakumwonea. Alifungua mapazia yote ili amwone vizuri.

"Ulijua tangu lini?" mama aliuliza.

"Tangu mwaka jana."

"Ukaniacha niseme yote yale? Na mambo ya mbegu, mbele ya watu?"

"Mwanao alinipigia magoti nisikuambie. Nikanyamaza. Wewe ndiye uliyesema mtu kama huyo aaibishwe mbele ya watu, mama. Si mimi."

Mama alimtazama Mazengo, na Mazengo akatazama viatu vyake. Hakuna aliyemtetea mwenzie.

"Kikao?" Priska aliuliza.

"Hakuna kikao."

"Na ng'ombe?"

"Priska, tutaongea nyumbani."

"Tunaongea hapa. Nurdini, ingia tafadhali, ukae. Ng'ombe ni wa nani, mama?"

Nurdini aliingia, akakaa ukingoni mwa benchi, amechanganyikiwa. Kwa mwanamke aliyezoea kupanga watu kama mnyapara, kutoa maneno yale mbele ya mhudumu wa madume ilikuwa kama kung'olewa jino.

"Ni wa Elisha," alisema.

"Wazee wa Chamwino utawaambia mwenyewe."

"Nitawaambia."

"Na wale majirani wawili utawaita barazani, uwape chai, uwaambie kwamba mkono wangu hauui kitu. Shamba lile lina mapengo, kuna mashimo hayajaota. Nitapandia mimi, mbele yao. Wewe utashika kibuyu."

Mama alinyanyuka kwa kushika meza. Alifika mlangoni, akarudishia kitenge begani, akatoka. Nurdini alimfuata kwenda kumpakilia Mheshimiwa.

*

Mazengo alibaki. Priska alikuwa akivua glovu, akizigeuza ndani nje ili rangi isimguse, maana rangi inayoshika kiini cha mbegu inashika na cha mtu.

"Ulikuwa mrija ule wa akiba?" Mazengo aliuliza.

"Ndiyo. Ulikuwa mmoja tu."

Mazengo alisogea karibu na skrini. Picha ilikuwa bado ipo, imeanza kupauka kwa mwanga wa dirisha. Aliipekua kwa macho kona hadi kona, kama Priska alivyofanya siku ile.

"Siku ile zilikuwepo za kijani," alisema. Sauti ilikuwa ya yule yule aliyepiga magoti sakafuni. "Ulinionesha. Ulinishika bega ukanionesha. Leo sijaona hata moja."

Priska alijua jibu, na lilikuwa rahisi. Kuganda huua. Mbegu dhaifu kama zile, zilizogandishwa haraka haraka kwenye maji ya kuhifadhia za ng'ombe, zisingeweza kurudi hai, na alilijua hilo tangu alipoutoa mrija mtungini asubuhi. Alijua pia kwamba mwilini mwa mtu huyu huenda zimo nyingine leo hii, chache, nzima, na kwamba daktari akipata moja tu anaweza kuifanyia kazi. Sentensi moja ilitosha. Alishawahi kumpa sentensi kama hiyo, na alikumbuka Mazengo alivyoitumia akiwa na shati na pasi mkononi.

Aliondoa kioo kwenye hadubini, akakishika mbele ya dirisha. Kwa macho matupu hakikuwa na kitu, kioo tu chenye alama ya maji.

"Zilikuwepo," alisema, akakitupa kwenye ndoo ya vioo vilivyotumika.